Kura Isiwe Hesabu ya Majirani

Wajukuu wangu wa hapa Kanzenze, nanyi mlioshuka Gisenyi mjini au kuvuka mpaka kwenda Goma kutafuta riziki, sogeeni niwaambie neno.

Nawasikia mkizungumza siasa. Kuna kauli moja inaninyima usingizi: "Sisi ndio wengi, nani atatuweza?" Kauli hiyo naijua, wanangu. Najua ilikotufikisha.

Nchi hii yetu ya Rwanda ilianza kupiga kura kabla ya uhuru. Katikati ya 1960 walichaguliwa madiwani wa komuni. Tarehe 25 Septemba 1961 likachaguliwa Bunge, na siku hiyohiyo watu wakaulizwa kama wanautaka ufalme. Kura hiyo iliitwa Kamarampaka. Parmehutu, chama cha Wahutu walio wengi, ikapata viti 35 kati ya 44; UNAR, chama cha waliotaka ufalme, 7; na chama cha APROSOMA 2. Tarehe 1 Julai 1962 tukawa huru.

Masanduku yalikuwepo, karatasi zilikuwepo. Lakini tangu Novemba 1959 nyumba za majirani Watutsi zilikuwa zimechomwa, na wenyewe wengi wamekimbilia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika. Kitambulisho nacho kilikuwa na kabila la mtu, kama Wabelgiji walivyoagiza tangu miaka ya 1930. Mtu akakitazama kitambulisho, akajua atampigia nani. Matokeo yakijulikana kabla sanduku halijafunguliwa, hiyo ni sensa, si uchaguzi.

Anayeanza kwa kuhesabu majirani, humalizia kwa kuhesabu makaburi.

Desemba 1963, baada ya wakimbizi wenye silaha kushambulia kutoka Burundi, viongozi wa UNAR na wa chama kingine, RADER, waliokuwa wamebaki nchini walikamatwa na kuuawa Ruhengeri. Maelfu ya raia Watutsi waliuawa, hasa Gikongoro. Ulipofika uchaguzi wa 1965, chama kilikuwa kimoja tu, Parmehutu, na rais wake Kayibanda hakuwa na mpinzani. Wafuasi wake wakaona wameshinda milele.

Milele hiyo ilidumu miaka minane. Tarehe 5 Julai 1973, Jenerali Habyarimana, mtoto wa huku kwetu kaskazini, alimpindua. Kayibanda akafa kizuizini mwaka 1976, na baadhi ya wenzake wakafia gerezani. Kabila lao na la waliowapindua lilikuwa moja! Mnaona, wajukuu wangu? Uadui ukikosa mtu wa nje, hutafuta wa ndani. Sasa ukawa kati ya kaskazini na kusini.

Wengi huku kwetu walishangilia, wakidhani zamu yetu imefika. Mwaka 1983 na 1988 mgombea alikuwa Habyarimana peke yake, akatangazwa kupata zaidi ya asilimia 99. Kisha ikaja 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu zaidi ya milioni moja waliuawa, wengine kwa mikono ya majirani zao. Julai mwaka huo, barabara hii ya kutoka Ruhengeri ilifurika watu wanaokimbilia Goma, na huko kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Iko wapi basi ile zamu yetu?

Nawasihi, wanangu. Mtu akija kuomba kura, msimwulize tu atawapa nini nyinyi. Mwulizeni atamfanyia nini yule asiyempigia kura. Atamwachia shamba lake? Atampa maji, dawa, nafasi ya shule kama nyinyi? Akisita kujibu, msimchague, hata kama ni mjomba wenu, hata kama mmezaliwa kilima kimoja.

Nawasihi tena: ukishinda, mlinde aliyeshindwa. Akiwa salama yeye, nawe utakuwa salama siku utakaposhindwa. Ukimfukuza, umemfundisha mwenzako njia ya kukufukuza wewe.

Na akitokea wa kuwaambia kwamba jirani ni adui kwa alivyozaliwa, msimpigie makofi, msimcheke mkapita. Mwambieni hapohapo, mbele ya watu, kwamba anasema uongo. Wakati wetu waliothubutu walikuwa wachache mno. Nyinyi muwe wengi kwa hilo.