Bwana Alimwuliza Kipofu



Mnajua habari ya Bartimayo, yule kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko akiomba sadaka. Marko anaisimulia katika sura ya 10. Watu walimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Bwana wetu Yesu Kristu akasimama, akaagiza aitwe. Basi angalieni alilofanya kwanza: alimwuliza anataka afanyiwe nini. Je, Bwana hakujua ya kuwa yule mtu ni kipofu? Hata mtoto aliona. Walakini alimwuliza, kwa maana mwombaji yule alikuwa mtu mwenye kinywa na akili.

Neno hili limenichoma mimi mwenyewe, na leo nataka kuwaungamia kosa langu.

Miaka michache iliyopita walikuja wageni kijijini petu, nje ya Likasi, kutafuta mahali pa kuchimba kisima. Mnajua jinsi kipindupindu kinavyorudi rudi katika Katanga yetu. Wageni wakauliza kisima kiwe wapi. Nami, kwa kuwa ni mwalimu na mtu wa kamati ya afya, nikajibu upesi kwa ajili ya wote, nikaonyesha kiwanja ng'ambo ya barabara. Wanaume wanne waliokuwapo wakaitikia. Hakuitwa mwanamke hata mmoja. Na nani huchota maji kijijini? Si mimi.

Kisima kikachimbwa, pampu ikawekwa, maji yakawa safi kabisa. Baada ya mwezi nikawaona akina mama wanashuka mtoni kama zamani. Nikawakaripia, nikawaita wavivu. Mama mmoja mzee akanijibu kwa upole: "Mwalimu, njia ya kisima chako inapita penye kilabu cha pombe. Alfajiri na jioni walevi huwasumbua binti zetu. Wewe hukutuuliza." Ilikuwa kweli. Nilipita njia ile kila siku nisione neno, maana mimi hakuna anayenisumbua. Wakati wa mvua uliofuata, watoto wawili wa darasa langu walishikwa na kuhara na kutapika. Kwa neema ya Mungu walipona, lakini siku zile sikupata usingizi.

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika nchi ya Kazakhstan, yakakubaliana ya kuwa watu wana haki, na wajibu pia, wa kushiriki katika kupanga huduma ya afya yao. Kamati zetu za afya hapa Kongo zafuata fikira hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa kamati, nami sikuitimiza.

Kumbukeni tena ndugu zetu wa Beni na Butembo wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Maiti zilitiwa katika mifuko isiyoonyesha kitu, jamaa wakashuku ya kuwa ndugu yao hamo. Wengine walificha wagonjwa wao, na hata vituo vya tiba vilishambuliwa. Watu wa Msalaba Mwekundu wakayaandika manung'uniko hayo badala ya kuyadharau, na mifuko inayoonyesha ikaletwa. Huko Beni vilitumiwa pia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, mama apate kumwona mtoto wake na kusema naye bila kuambukizwa. Na waliopona wakawalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wagonjwa. Chanjo na dawa zilihitajika sana, sikatai. Ila mgonjwa aliyefichwa hapati chanjo wala dawa.

Hata Mitume, wajane waliposahauliwa katika ugawaji wa kila siku, hawakuwanyamazisha wenye kunung'unika. Waliita mkutano wote, wakawaacha wachague wenyewe watu saba wa kuiangalia kazi ile.

Kisima chetu kingali palepale, na fedha za kuchimba kingine hatuna. Akina mama wameomba mambo mawili: njia mpya ikatwe nyuma ya shule, na kilabu kihamishwe. Njia tumekwisha kuianza. Mwenye kilabu angali anabisha. Jumapili ijayo, baada ya Misa, kamati itaketi chini ya mwembe. Akina mama watasema kwanza, nami nitaandika.