Lazaro Ana Jina



Mwezi huu twataka kusema na vijana, na pia na wazazi wanaoshtuka wakisikia kazi ambazo vijana wao wanazitamani. Zamani kijana mwenye kumpenda Mungu alikuja kutuambia anataka kuwa mwalimu, au mganga wa zahanati, au kasisi. Siku hizi wako wanaotuambia wanataka kuwa watayarishaji wa sinema na vipindi vya televisheni, vipindi vya kuwatia watu moyo na kuwakumbusha maskini. Wazee wengine hucheka. Sisi hatucheki. Kazi hii ni wito kama wito mwingine, lakini ina hatari yake ya pekee, kwa sababu mtu aweza kumdhulumu jirani yake huku akidhani anamfanyia wema.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Mtayarishaji si yule ashikaye kamera, wala si mwigizaji. Ni yule anayetafuta fedha, anayechagua watu wa kazi, anayeomba ruhusa, anayelipa posho na nauli, na mwisho anayeamua lipi lionyeshwe na lipi liachwe. Kwa lugha ya Biblia yeye ni wakili, na mambo yakiharibika ndiye wa kujibu. Yule mtu wa Luka 14, aliyeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara, angefaa sana kwa kazi hii. Sinema nyingi njema zimeishia katikati kwa kukosa mtu wa kuhesabu.

Wala Kanisa si geni katika mambo haya. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Misioni lilisimamia jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha watu wa nchi zetu. Fedha zilitoka hasa Carnegie Corporation ya New York. Sinema fupi zipatazo 35 zilitengenezwa, zikazungushwa kwa lori na kuonyeshwa kwa watu: habari za safura, za kilimo, za kuweka akiba katika benki ya Posta. Nia ilikuwa njema, na Waafrika waliigiza na kusaidia katika ufundi. Hata hivyo walioshika uongozi, Meja Notcutt na Bwana Latham, ndio walioamua mwananchi afundishwe nini. Mtu wa Usambara alionekana kwenye sinema, lakini hakuwa mwenye sinema.

Sasa fungueni Luka 16. Katika mifano yote ya Bwana wetu, ukimwacha Abrahamu baba yetu, ni mtu mmoja tu aliyepewa jina, naye ni maskini aliyelala mlangoni. Tajiri, pamoja na nguo zake za zambarau, hana jina. Hebu tazameni jinsi tulivyoupindua mfano huo. Leo twaona kwenye simu zetu mtu anampa bibi kizee kilo mbili za unga, na kamera inasubiri mpaka bibi apige magoti. Jina la mtoaji limeandikwa juu kwa herufi kubwa, na bibi ni “mama mmoja mwenye shida”. Tarumbeta ile ambayo Bwana aliikataza katika Mathayo 6 sasa inaingia mfukoni.

Tusidhani kwamba ni wadogo tu wanaoingia katika mtego huu. Tarehe 23 Oktoba 1984, shirika la BBC lilionyesha habari ya njaa kutoka Korem, Ethiopia. Mwandishi alikuwa Michael Buerk, na picha zilipigwa na Mohamed Amin, mtu wa huku kwetu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka huo Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wanamuziki wakarekodi wimbo wa Band Aid, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Fedha nyingi zikapatikana na watu wakala. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, tena mwenye kulibeza na atuambie kwanza yeye amelisha wangapi.

Lakini wimbo ule ulikuwa na swali ndani yake, kama watu wale wanajua kwamba ni Krismasi. Ndugu zangu, kumwuliza Mwethiopia swali hilo! Injili ilikuwa imeingia katika ufalme wa Aksum tangu karne ya nne, siku za mfalme Ezana. Agostino, ambaye sisi Waanglikana tunamheshimu kama Askofu Mkuu wa kwanza wa Canterbury, alifika Uingereza mwaka 597. Hao walioulizwa walikuwa na Krismasi yao, mwezi Januari, na mfungo mrefu wa kuitangulia, na Injili ilikuwa kwao kabla Canterbury haijawa na askofu. Waimbaji hawakuwa na nia mbaya. Ila mtu akikwisha kuonyeshwa kwa miezi kadhaa kama tumbo tupu, watazamaji husahau kwamba ana kanisa, au msikiti, na nyimbo na babu zake. Kwa miaka mingi baadaye Mwethiopia aliyesafiri ughaibuni alikutana na picha ile imemtangulia.

Katika Live Aid ilionyeshwa filamu ya mtoto mmoja wa kike, mdogo sana, aliyedhaniwa yu karibu kufa. Uso wake uliwaliza watu wengi kuliko hotuba yoyote ya siku ile. Mtoto yule hakufa. Tarehe 2 Julai 2005 alisimama mbele ya watu katika Hyde Park, London, akiwa msichana mzima mwenye afya. Jina lake ni Birhan Woldu. Birhan, katika lugha za kwao, maana yake ni nuru. Wengi waliomlilia mwaka 1985 hawakulijua jina hilo.

Je, tuwaambie vijana waache? Hapana. Iko mifano ya kuwapa moyo. Tarehe 16 Novemba 1966 televisheni ya BBC ilionyesha mchezo uitwao Cathy Come Home. Mtayarishaji alikuwa Tony Garnett, mwelekezaji Ken Loach. Unasimulia habari za mke na mume wanaopoteza nyumba baada ya mume kuumia, mpaka mwisho mama ananyang'anywa watoto wake katika stesheni ya gari moshi. Watu wapatao milioni 12 waliutazama. Cathy alikuwa mtu wa kuigizwa, lakini ana jina, ana hasira, anajibizana na wakubwa; si mtu wa kuhurumiwa tu. Tena tarehe 1 Desemba ya mwaka huohuo chama cha Shelter kilizinduliwa kuwatetea wasio na makazi, nacho kilikuwa kimekwisha kutayarishwa na watu kama Mchungaji Bruce Kenrick, aliyewajua watu wa Notting Hill kwa kuishi kati yao. Mchezo haukutengenezwa kwa ajili ya chama, wala chama hakikuundwa kwa sababu ya mchezo. Lakini watu walipolia, palikuwa na mahali pa kupeleka machozi yao. Sinema yaweza kumfikisha mtu mlangoni kwa Lazaro. Haiwezi kumfungulia.

Wa pili ni Fred Rogers wa Marekani. Mwaka 1963 kanisa lake la Presbiteri lilimwekea mikono, si ili apewe mtaa wa kuchunga, bali awatumikie watoto kwa njia ya televisheni. Kipindi chake kilionyeshwa nchini kote tangu 1968 hadi 2001. Alijua pia kuomba fedha, maana tarehe 1 Mei 1969 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti akazungumza kwa upole dakika chache tu, na zile dola milioni 20 za utangazaji wa umma zikaokolewa. Lakini tunalolikumbuka sisi ni la mwaka huohuo. Siku ya joto alitia miguu yake katika beseni la plastiki, akamkaribisha polisi wa kipindi, aliyeigizwa na mwimbaji Mwafrika-Mmarekani François Clemmons, aweke na yake. Maji yaleyale, taulo lilelile. Katika nchi ambamo Weusi walikuwa wamefukuzwa kwenye mabwawa ya kuogelea, hakuna neno la mahubiri lililosemwa. Mwenye kuijua Alhamisi Kuu alielewa.

Kuna jambo jingine katika Marko 7 ambalo twataka kila mtayarishaji alikumbuke kabla ya kuwasha kamera. Walipomletea Bwana wetu yule kiziwi, alimtenga kwanza na mkutano, wakawa faragha. Naye alikuwa na watazamaji wa kutosha! Mtu mwenye shida ana haki ya faragha hata mbele ya yule anayemsaidia. Kwa hiyo aulizwe, na aulizwe wakati ambapo unga haujawekwa mezani, maana mwenye njaa hukubali lolote. Mtoto aombewe ruhusa kwa mzazi, na akipatikana na aibu ukubwani ajue ni nani wa kumlaumu. Sinema ikikamilika waliomo waione kabla ya wageni, na wakisema kipande fulani kiondolewe, kiondolewe, hata kama ndicho kizuri kupita vyote. Hapo ndipo mtayarishaji hujulikana kama ni wakili au ni mchuuzi.

Vijana wa mtaa wetu wameleta ombi mbele ya halmashauri. Wanataka kutengeneza sinema fupi kwa simu zao, ili tupate mabati ya nyumba za wajane watatu. Halmashauri imekubali, na Umoja wa Akina Mama watafuatana nao. Tuliwatuma kwanza bila simu, wakae, wanywe chai, waulize. Wajane wawili wameridhia. Wa tatu amesema afadhali paa livuje, picha hataki. Naye yumo katika orodha ya mabati sawasawa na wenzake. Mmoja wa wale walioridhia ametoa masharti: apigwe picha Jumapili, amevaa kitenge chake cha Pasaka, akiwa mlango wa mbele na si jikoni, na jina lake litajwe lote, lake na la baba yake. Wanaotaka kujiunga na kazi hii wamwone katibu wa vijana baada ya ibada ya pili.