WAZO LA LEO: Aanzaye na Mkia

Mstaafu wa Marekani anayeazimia kujiundia ndege nyumbani, kwa vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, hufungwa na sheria ya huko kwamba zaidi ya nusu ya kazi itendwe na watu waifanyao kwa elimu au burudani yao wenyewe; na kwa kuwa kazi hiyo yaweza kula miaka, wenye busara hawanunui ndege nzima kwa mkupuo. Kampuni ya Van's Aircraft, iliyoasisiwa mwaka 1973, huuza ndege zake za RV kwa mafungu, na la kwanza kwa desturi ni mkia: hapo mwanafunzi hutoboa bati la alumini, husugua kingo za tundu hata zikalainika, hupiga ribiti, na ikipinda moja huing'oa kwa keekee pasipo hasara kubwa. Asiyestahimili mkia, mabawa atayawezaje? Basi, ewe uliyekwisha kukabidhi funguo za ofisi, kabla ya kuhesabu akiba yako, hesabu kwanza saa utakazozitoa kila siku bila kunung'unika. Kwani fedha hukopwa, lakini umri haukopeki.