Mkono Ulioazimwa

Mtoto aliambiwa asitazame. Ilikuwa katika sinagogi moja mjini Boston, miaka ya 1930 ikielekea ukingoni. Makuhani walisimama mbele ya waumini, wamejitanda shuka za sala mpaka usoni, wakanyoosha mikono na kutoa baraka kwa sauti iliyotikisa nyumba. Watu wote walificha macho, maana inaaminika kwamba utukufu wa Mungu hushuka saa ile. Leonard Nimoy, mwenye umri wa miaka kama minane, akachungulia. Aliona vidole viwili vimekwenda huku, viwili kule, na gumba limejitenga peke yake. Ni umbo la herufi shin, inayoanza jina la Mungu Shaddai, Mwenyezi.

Mwaka 1967 mtoto yule alikuwa mwigizaji. Katika Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani, alikuwa Spock, mtu wa sayari ya Vulcan. Hadithi ilipofika mahali Spock anarudi kwao, Nimoy aliona kwamba watu hao hawawezi kukosa namna yao ya kusalimiana. Akapendekeza mkono ule wa sinagogini.

Je, ilikuwa halali? Wengi watajibu haraka kwamba yeye ni Myahudi, basi kachukua cha kwao. Jibu hilo halitoshi. Kuzaliwa ndani ya dini hakumpi mtu hati ya kumiliki matakatifu yake, na alichokichukua Nimoy ndicho hasa waumini walichokatazwa kukitazama. Kinachomtetea ni kingine: mkono aliuchukua pamoja na kazi yake. Sinagogini ni baraka, ile iliyo katika Hesabu sura ya 6. Kwa Wavulcan ni salamu ya kutakiana umri mrefu na fanaka. Maana haikudondoka njiani.

Kwingine imedondoka. Katika Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, kuna rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, mwenye mashavu yaliyoning'inia. Anazungumza Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo. Hakuna aliyekusudia kumtusi mtu, na Wakenya walioitambua lugha ile waliifurahia. Hata hivyo jambo hilo linauma kidogo. Lugha ambayo watu huchumbiana kwayo, huzikana kwayo na humwomba Ngai kwayo iliwekwa pale iwe mlio mgeni tu, kana kwamba anayeielewa hataingia ukumbini.

Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, inatatiza zaidi. Watu wake wa jangwani, Wafremen, wanamngoja Mahdi, mkombozi aliyeahidiwa. Shujaa anaitwa Muad'Dib, na msomaji wa Kiswahili anasikia humo "adabu", kwa kuwa kwa Kiarabu muaddib ni mlezi anayefunza adabu. Maneno haya Herbert hakuyatumia kama manukato ya jangwa tu. Alitaka kuonya jinsi watu wanavyoweza kumfuata mkombozi mpaka kwenye maangamizi, na akaonyesha unabii uliopandwa kwa makusudi ili siku moja uvunwe. Lakini Waislamu wengi wanamngojea Mahdi kweli. Kwao neno hilo ni imani, na ndani ya riwaya limegeuzwa mtego. Mwandishi ana haki ya kuihoji imani. Kuihoji ni njia mojawapo ya kuichukulia kwa uzito. Filamu ya mwaka 2021 ilichagua njia nyepesi zaidi: jangwa lilibaki, neno "jihadi" la riwayani likaachwa.

Mfano unaotoa tumaini umetoka kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kitabu chake Binti cha mwaka 2015 kilipata tuzo za Hugo na Nebula. Binti ni msichana wa Kihimba, kabila la kaskazini mwa Namibia, anayetoroka kwao usiku kwenda kusoma chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Mswahili atasita kidogo kwenye jina hilo, maana ni letu na la Waarabu, si la Wahimba. Hapo mwandishi angeweza kuwa makini zaidi. Lakini tazama otjize. Ni ngeu iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya maziwa, ambayo wanawake wa Kihimba hujipaka mwilini na kwenye misuko ya nywele. Mbunifu mvivu angeikomesha kwenye rangi. Okorafor anaifanya mzigo: wageni wanamshika Binti misuko bila ruhusa, kopo linapungua, na kule ugenini inambidi achimbe udongo wa sayari nyingine na kuchanganya upya, bila kujua kama kitakachotoka ni otjize kweli. Je, desturi iko kwenye udongo wa nyumbani, au kwenye mkono unaochanganya? Swali hilo analijua kila aliyewahi kuswali mbali na kwao, na huyu mhusika wa kubuni analiuliza kwa vidole vyake.

Nimoy alifariki Februari 2015. Siku iliyofuata mwanaanga Terry Virts, akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, alipiga picha ya mkono wake mbele ya dirisha. Vidole viwili huku, viwili kule, gumba pembeni. Na chini, nje ya kioo, Boston.