Ng'ombe Aliyeua, na Mwenye Ng'ombe

Neno: Kutoka 21:28-29



Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani ndugu mmoja, muuza vitunguu hapa sokoni Kongowea, aliniuliza: "Pastor, kampuni haina roho. Haiokoki wala haiendi jehanamu. Sasa utasemaje imetenda dhambi?" Nilicheka, maana mimi nilisomea biashara. Chuoni tulifundishwa kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria: inamiliki, inadai, inadaiwa. Hatukufundishwa inatubu vipi.

Lakini sheria ya Musa ilishagusa jambo hili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa. Jamani, ng'ombe naye ana dhamiri? Hana! Ila damu imemwagika, na Mungu hataki ipotee hivi hivi tu. Kisha Neno linamgeukia mwenyewe: kama alishaonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali na hakumfunga, na yeye ana hatia.

Tazameni Owino Uhuru, kule Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Sumu ya madini ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi palepale, mtoto wake wa kunyonya akapatikana na sumu hiyo. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikavuruga, hadi Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Na si kampuni peke yake iliyobebeshwa. NEMA, waliopaswa kushika kamba ya huyo ng'ombe, walibebeshwa pia.

Sasa nije kwangu. Kabla ya huduma nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja, siitaji. Kila mwisho wa mwezi nilikata vibarua pesa za NSSF, nikijua fika hazipelekwi. Nilijiambia, "Ni kampuni, si mimi." Lakini kidole kilichobonyeza ni hiki hiki ninachofungulia Biblia.

Mmoja wa vibarua wale ni mzee sasa, anasukuma mkokoteni hapa sokoni. Hunisalimia, "Shikamoo, Pastor," na umri wake wote ule. Hajui. Jumatatu naenda kumwambia, na karatasi ninazo bado.