Kilichomo Ngamani

Msomaji mpenzi, nikikuambia kwamba kwa siku tatu nzima nilibeba roho za watu wawili mfukoni mwangu, utadhani naanza hadithi. Mimi ni mtu wa hadithi, sikatai. Ninayo madaftari manne ya riwaya ambayo mpaka sasa haijapata mchapishaji. Lakini haya si hadithi. Ni swali, na lilizaliwa katika karakana ya kuchomelea vyuma, ukingoni mwa hori, kaskazini ya Mombasa, mahali nilipopata kibarua baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa la kufanya.

Swali lenyewe ni hili: ukiambiwa ujenge chombo cha matanga cha kuvukia bahari kuu, utakijenga kwa chuma au kwa alumini? Najua utasema hilo ni swali la mafundi, lina nini na sisi vijana wa kalamu? Ngoja kidogo.

Tuanze na yale yanayopimika. Chuma cha ujazo wa lita moja kina uzito wa karibu kilo 8. Alumini ya ujazo huo huo ina kilo 2.7 tu. Ni kweli alumini ni laini zaidi, kwa hiyo bamba lake hufanywa nene kuliko la chuma, lakini hata hivyo bodi ya alumini hutoka na uzito wa karibu nusu ya bodi ya chuma. Chombo chepesi hukimbia, tena hubakiza nafasi ya kupakia maji na chakula. Isitoshe, alumini ikikutana na hewa hujivika yenyewe utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo huikinga. Ndiyo maana sufuria ya mama haishiki kutu, na ndiyo maana ziko mashua za alumini ambazo ubavu wake wa juu haujapakwa rangi tangu zitoke kiwandani. Chuma je? Kiache uchi siku moja karibu na bahari uone. Kufika jioni kimeshabadilika rangi.

Hadi hapo alumini imeshinda, sivyo? Lakini chuma kina jambo moja: jamaa zake ni wengi. Kikitoboka popote duniani, katika bandari yoyote yenye umeme na fundi wa jua kali, kitazibwa. Fundi huyo hakuwahi kuona yoti maishani mwake, lakini amechomelea mageti na matela, na hiyo yatosha. Alumini inataka gesi ya agoni, mashine ya aina yake, usafi mkubwa, na mkono uliofundishwa. Nayo ina kiburi cha namna fulani. Chuma ukikitia moto hukuonya: kinakuwa chekundu, kinakuwa cha machungwa, kinakuwa cheupe, ndipo kiyeyuke karibu na nyuzi 1,500. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na haikuonyeshi rangi yoyote kabla. Unaitazama ni ileile, mara imedondoka miguuni mwako.

Kuna baharia mmoja Mfaransa ambaye habari zake zilinifunza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Aliitwa Bernard Moitessier, mzaliwa wa Hanoi mwaka 1925. Mashua yake moja ya mbao aliipoteza mwaka 1952 huko Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, humu humu katika Bahari ya Hindi yetu. Nyingine, ya mbao vilevile, ilimfia Karibi mwaka 1958. Mtu aliyezamishwa mara mbili hachagui kwa urembo. Mwaka 1962 alipata chombo cha chuma chenye urefu wa mita 12 hivi, kilichojengwa na Jean Fricaud mjini Chauffailles, mji ulio mbali kabisa na bahari. Milingoti yake ya kwanza ilikuwa nguzo za simu! Akakiita Joshua, kwa heshima ya Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898.

Mwezi wa Agosti 1968 Moitessier aliondoka Plymouth, Uingereza, katika mashindano ya kuizunguka dunia peke yako bila kutia nanga. Karibu na Rasi ya Tumaini Jema akaisogelea meli ili ampe nahodha barua zake. Vyombo vikagusana, na dasturi, yaani ule mti wa chuma unaotokeza omoni, ukapinda. Akaunyoosha mwenyewe kwa kamba na kapi, huko huko baharini, akaendelea. Mwaka uliofuata, huku watu wakimtarajia Uingereza, aliyaacha mashindano na kupitiliza hadi Tahiti. Lakini linalonigusa zaidi ni la baadaye. Desemba 1982, dhoruba ilimkuta akiwa ametia nanga Cabo San Lucas, Mexico, na kuvitupa vyombo vingi pwani. Joshua ilibondeka, ikajaa mchanga, lakini haikuvunjika. Yeye hakuwa na uwezo wa kuiokoa, akaiachia vijana wawili karibu na bure. Wakaifukua. Leo iko katika jumba la makumbusho ya bahari la La Rochelle, na inaelea.

Wapenzi wa alumini nao wana shujaa wao, Éric Tabarly, Mfaransa pia. Mwaka 1967 aliunda Pen Duick III kwa alumini akashinda nayo mbio za Fastnet, na mwaka 1976 akaivuka Atlantiki peke yake katika Pen Duick VI, chombo cha alumini kilichokusudiwa kuendeshwa na kundi zima la mabaharia, akawa wa kwanza. Kwa hiyo asitokee mtu akasema alumini ni mali ya waoga. Mmoja alitaka kufika upesi, mwingine alitaka kufika tu. Kila mmoja alichagua madini yanayofanana na shauku yake.

Basi bwana, turudi karakanani.

Ilipandishwa nchi kavu yoti moja ya alumini, ya mzee mmoja mgeni na mkewe. Walikuwa wakiusubiri upepo wa kaskazi uwapeleke Mayotte, kisha Afrika Kusini. Mimi nilipewa kazi ya kumsaidia fundi wa umeme kupitisha nyaya chini ya sakafu. Nikakata nyaya, nikamenya ncha, na vipande vya shaba vikadondokea ngamani, kule chini kabisa yanakotuama maji ya chombo. Niliviona. Nikasema moyoni, vibaki huko, nani ataviona? Nikarudisha mbao za sakafu, nikafagia juu pakang'aa. Mzee akanisifu kwa usafi.

Wiki moja baadaye nilimsikia mzee huyo akiikataa rangi ya kupaka chini ya chombo aliyoletewa na fundi mkuu. Ilikuwa rangi ya shaba. Akatueleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ya tochi, na anayeliwa ni alumini. "Hata sarafu moja," akasema, "ikianguka ngamani na kukaa, inaweza kutoboa tundu." Kisha akacheka, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba ngamani mwake hamna sarafu.

Mimi sikucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekitia nguoni mwake ni mimi.

Siku ya kwanza nilijiambia kwamba vipande vyenyewe ni vidogo. Siku ya pili nikamwendea fundi mkuu. Akanitazama, akatazama mlango, akasema, "Kijana, nyamaza. Wale ni watu wa kuondoka. Likitokea, litatokea mbali." Naomba unielewe, msomaji: fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alinilisha mchana wengi. Alikuwa na watoto sita na jina la kulinda. Na nikiri kwamba maneno yake yalinipa nafuu. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo kuliko vile vipande vyenyewe.

Siku ya tatu yoti ilikuwa ishushwe majini. Mama yule, mke wa mzee, alinipa chungwa. Nikalimenya, likanishinda kumeza. Nikamwambia, "Mama, mwite mzee, kuna kitu chini."

Mzee hakupiga kelele. Alifungua sakafu, tukapiga magoti watatu, mimi na yeye na mkewe, tukipapasa kwa vidole. Vingekuwa vipande vya chuma tungeviokota kwa sumaku dakika mbili, lakini shaba haivutwi na sumaku. Tukapata kumi na kimoja. Ndipo mzee akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Vilikuwa vingapi?"

Sikujua. Wakati wa kukata, sikuhesabu.

Waliahirisha safari kwa juma zima, wakaosha ngama kwa maji baridi mara nyingi, wakapapasa tena na tena. Kisha wakaondoka. Mimi kibarua kilikwisha siku ile ile niliyosema, na siwezi kumlaumu aliyenifukuza kuliko ninavyojilaumu mwenyewe.

Sasa turudie swali letu. Kwa miezi mingi baada ya hapo nilikuwa na jibu tayari: chuma! Chuma ni kiungwana, nilisema, kwa sababu kosa lake hulitangaza. Kutu hufura kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo jeraha dogo huonekana kubwa, hulia machozi mekundu ubavuni mpaka jirani anakuuliza una nini. Alumini huliwa kimyakimya, tundu la ukubwa wa sindano, na unga mweupe kidogo tu pembeni. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikaona hata wanadamu wako hivyo hivyo. Wako wanaokosea hadharani, wakagombwa, wakapakwa rangi upya, wakaendelea. Na wako wanaong'aa miaka kumi, halafu siku moja wanazama na hakuna aliyejua. Nikaapa kuwa mtu wa chuma.

Lakini nikikumbuka vizuri, fundi yule yule aliyeniambia ninyamaze alinifunza jambo jingine tukikarabati tishari la chuma. Alipitisha nyundo juu ya bamba lililopakwa rangi nzuri, ko, ko, ko, mara sauti ikabadilika. Akapiga kwa nguvu, nyundo ikapenya. Akasema, "Kutu ya nje ni ya kupaka rangi. Kutu ya ndani ndiyo inayozamisha." Bamba lilikuwa limeliwa kwa ndani, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mikono haifiki. Kumbe chuma nacho husema pale tu panapoonekana. Kwingineko hunyamaza kama mwenzake.

Kwa hiyo sifa ya uaminifu niliyoipa chuma haikuwa yake, na lawama niliyoitwika alumini haikuwa yake vilevile. Alumini haikunidanganya, ni mimi niliyedanganya nikaitumia kama mahali pa kuficha. Madini hayana dhamiri. Anayechagua chuma amechagua kukwangua na kupaka rangi kila mwaka, na kuwategemea mafundi wadogo wa kila bandari. Anayechagua alumini amechagua kupumzika kwa rangi lakini kukesha kwa kila sarafu, kila waya na kila mgeni anayepanda na mfuko wa vifaa. Hakuna madini ambayo ukiyachagua utaruhusiwa kutoinama ukatazama ngamani. Naona hapo ndipo swali la mafundi linapogeuka kuwa letu sote.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo wenye kuandika juu ya kuchagua chombo hulisahau. Wao humzungumzia mwenye chombo. Lakini wengi wetu, hasa vijana tusio na chombo, tumo ndani ya vyombo vya wengine. Tunakata nyaya za watu. Ayah analea mtoto asiye wake, karani anaandika jina la mtu katika cheti, mwalimu wa kibarua anasahihisha mtihani, nami naandika maneno yatakayokaa katika kichwa cha mtu ambaye sitamwona. Mwenye chombo akikosea, atazama na kosa lake. Sisi tukikosea, anazama mwingine, tena mbali, kama alivyosema fundi. Ule umbali ndio jaribu. Ukiniuliza sasa wajibu ulianza lini, sitasema siku ya tatu niliposema, wala siku ile niliyosikia habari ya sarafu. Ulianza nilipokikata kipande cha kwanza na kukiona kikianguka. Ujinga wangu juu ya shaba na alumini ulikuwa udhuru wa kutojua hatari. Haukuwa udhuru wa kufunika uchafu katika nyumba ya mtu kwa kuwa haonekani.

Kaskazi kadhaa zimepita tangu wakati huo. Sijapata habari za wazee wale, nzuri wala mbaya, na mtu hapati habari za chombo kilichofika salama. Nikiwa katikati ya kuandika usiku, hujikuta nahesabu kwa vidole: kumi na kimoja. Kisha najiuliza kama kilikuwapo cha kumi na mbili.

Wewe msomaji, ungesema siku ya ngapi?