Mashahidi Wasiofahamiana

Kila mara fedha za vyuo vikuu zinapojadiliwa, hurudi lalamiko lile lile kwamba utafiti umetawanyika mno. Huku mtu anahesabu punje za mtama zilizoungua katika udongo wa kale, kule mwingine anapima mionzi itokayo angani, wa tatu anaorodhesha viambishi vya Kipokomo, na hakuna anayejua mwenzake anafanya nini. Walalamikaji wangependa kazi hizo zote zifungwe chini ya malengo machache ya taifa, au angalau wataalamu wakalishwe meza moja tangu siku ya kwanza. Nadhani wanakosea katika jambo la msingi. Wanaichukulia hali ya taaluma kutohusiana kama hasara ya kuvumiliwa, ilhali ndiyo inayotuwezesha kujua kama tunachokiamini ni kweli. Suala moja linatosha kulionyesha hilo, nalo limebishaniwa kwa zaidi ya karne moja: Waswahili ni nani, na miji yao ya mawe ilijengwa na nani?

Kadhi akiletewa mashahidi watatu waliolala nyumba moja na kula sinia moja, na wote wakasema jambo lile lile kwa maneno yale yale, hajapata ushahidi wa watu watatu. Amepata wa mtu mmoja uliorudiwa mara tatu. Wakija watatu wasiofahamiana, kila mmoja akitokea njia yake na kwa shughuli zake, kukubaliana kwao kuna uzito mwingine kabisa, kwa sababu hakuna maelezo mepesi ya kwa nini wamekubaliana isipokuwa kwamba jambo lenyewe lilitokea. William Whewell wa Cambridge aliiweka kanuni hii katika falsafa ya sayansi mwaka 1840: nadharia hupata nguvu ya pekee pale aina mbili za ushahidi, zilizokusanywa kwa makusudi tofauti, zinapokutana mahali pamoja bila kupangiwa.

Kuhusu Waswahili, kwa muda mrefu jibu lilitoka kwa mashahidi wa sinia moja. Tarikh ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros alichapisha maelezo yake mwaka 1552, inasimulia habari za mwana wa mfalme wa Shirazi, huko Uajemi, aliyekuja na kukinunua kisiwa kwa nguo. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na baadaye Neville Chittick alipochimba Kilwa, hadithi za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kutawala fikra za wasomi, nao katika magofu ya matumbawe wakaona kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Hadithi ililifasiri jiwe, kisha jiwe likahesabiwa kuwa limeithibitisha hadithi.

Mambo yalianza kubadilika Shanga, katika kisiwa cha Pate. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya kuta za mawe walikuta mabaki ya msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka wakafikia matundu yaliyoachwa na nguzo za miti: msikiti mdogo wa mbao wa karne ya 8, katikati ya makazi ya watu ambao sehemu kubwa kabisa ya vyungu vyao ilifinyangwa pwani hapa hapa. Mji haukushushwa jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pale, kutoka mti hadi tumbawe, kizazi baada ya kizazi. Umri wa mabaki kama hayo waakiolojia huupima kwa kaboni-14, mbinu iliyobuniwa Chicago na mwanakemia Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Libby alishughulika na kaboni inayozaliwa pale mionzi ya anga inapogonga naitrojeni ya hewa. Hakuwa na neno lolote juu ya Washirazi wala Wabantu, na ndiyo maana kipimo chake kinaaminika pande zote mbili za ubishi.

Wanaisimu nao walikuwa na kazi isiyohitaji sepetu. Katika kitabu chao cha mwaka 1993, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilinganisha sauti na sarufi za Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, wakaonyesha kuwa ni ndugu wa tumbo moja, wa kundi la Kibantu liitwalo Sabaki. Mpangilio wa ngeli, viambishi vya kitenzi na mabadiliko ya sauti yanayofuata utaratibu havikopwi bandarini pamoja na jina la bidhaa. Kwa njia isiyopita Shanga hata kidogo, wakafika karibu na pale alipofika Horton: mzizi uko huku.

Kisha mwaka 2023 akaja shahidi wa tatu. Katika jarida la Nature, Chapurukha Kusimba, Esther Brielle, David Reich na wenzao walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa. Wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu iliyobaki ilitoka Asia, na kwa kiasi kikubwa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza karibu na mwaka 1000. Kumbe simulizi za Shirazi, ambazo wanahistoria wengi walikuwa wamezigeuza kuwa majigambo ya waungwana tu, hazikuwa uzushi mtupu. Naliona hili kuwa funzo zito: katika juhudi za haki za kuung'oa uongo wa kikoloni, wasomi walikuwa wamewanyamazisha pia wenyeji waliokuwa wakisimulia habari za babu zao.

Je, mashahidi wamegongana? Msomaji wa haraka atasema ndiyo. Lakini kila mmoja alijibu swali lake. Mfupa hueleza nani alimzaa nani, wala hauwezi kusema aliyezaliwa aliongea lugha gani. Tundu la nguzo linaeleza lini watu walijenga na kwa nini, pengine, walihitaji kupanua, lakini halijui majina yao. Lau kazi hizi tatu zingefungwa katika mradi mmoja tangu mwanzo, wenye swali moja lililokubaliwa na wote, nina hakika tofauti hizo zingesawazishwa mapema, na tungebaki na jibu moja laini, la Uajemi au la Uafrika kulingana na nani alishika mkoba. Tulichokipata ni kigumu zaidi na ni cha kweli zaidi.

Kuna pingamizi lenye nguvu hapa: uhuru huo wa taaluma ni ndoto, kwa maana wasomi wote hupumua hewa ya zama zao. Kirkman hakuwa mwanajenetiki wala mwanaisimu, lakini alirithi dhana zile zile za dola aliyoitumikia. Ni kweli, wala sitaki kulipunguza. Hata mifupa ya mwaka 2023 haikuokotwa ovyo. Mingi ilitoka katika makaburi ya watu wenye hadhi, na mkulima wa kawaida hakuwakilishwa ipasavyo. Ila tazama ni nini kilichoiponya dhana ya kikoloni. Haikuponywa na waakiolojia kujihubiria unyoofu. Iliponywa na vipimo na lugha ambazo hazikuwa na haja ya kumpendeza mtu. Kama hewa ya zama inaingia kila chumba, basi tunahitaji vyumba vingi, vyenye madirisha yanayotazama pande tofauti.

Pingamizi la fedha ni la kweli zaidi katika nchi ambayo zahanati haina dawa. Kulijibu kwa kusema kwamba kila utafiti utaleta faida siku moja ni kuahidi kisichojulikana. Nasema jambo dogo zaidi: anayechagua taaluma moja ya kuilipia na kuziacha nyingine, amechagua pia kutoweza kuikagua ile aliyoilipia. Mwaka 1951 Otto Dahl alionyesha kuwa Kimalagasi kinafanana zaidi na Kimaanyan cha Borneo. Miaka 65 baadaye, punje za mpunga na choroko zilizochimbwa Madagaska na Komoro zikaelekeza kwenye safari ile ile ya watu wa Asia ya Kusini-Mashariki. Asingekuwapo mtu wa kuchekecha udongo akitafuta punje, neno la mwanaisimu lingekosa shahidi mmoja muhimu.

Na kwa Waswahili, swali moja limebaki wazi. Ikiwa baba wengi walitoka Uajemi, mbona Kiajemi kimeacha maneno machache tu katika Kiswahili? Waliochunguza ndoa za waungwana wa Lamu wameeleza desturi ya baba kumjengea binti nyumba, na mume kuhamia kwa mkewe. Ikiwa desturi hiyo ni ya kale vya kutosha, mtoto alikulia mikononi mwa mama, bibi na mama wadogo, na lugha ya kwao ndiyo iliyomlea. Dhana hiyo ikiwa sahihi, makaburi ya mji mmoja yanapaswa kuonyesha wanawake wa ukoo mmoja wa kimama wakizikwa karibu karibu kwa vizazi, huku ukoo wa wanaume ukibadilika badilika. Jambo hilo linaweza kupimwa, na linaweza pia kukanushwa.